Lokole, Vokoda na Simu ya Mkononi: Jinsi Maneno Yanavyosafiri Bila Mdomo

Oktoba 1981, nafasi ya pili katika chati ya muziki ya Uingereza ilishikwa na wimbo ambao redio nyingi zingeukataa mlangoni. Ulizidi dakika nane. Haukuwa na mdundo wa kuchezesha watu. Ulisimama juu ya silabi moja ya pumzi iliyorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, akodi mbili zilizopokezana, na sauti ya mwanamke iliyochanganyika na kinanda hata usijue kinywa kinaishia wapi na chombo kinaanzia wapi. Mwenyewe, Laurie Anderson, hakutoka kwenye bendi. Alikuwa msanii wa maonyesho jijini New York, aliyejulikana kwa fidla yake ya ajabu: upinde ulifungwa utepe wa kurekodia badala ya nywele za farasi, na kwenye fidla kulikaa kichwa cha kusomea utepe huo. Wimbo uliitwa "O Superman". Mwaka uliofuata, 1982, kampuni ya Warner Bros. ikatoa albamu yake ya kwanza ya studio, Big Science, wimbo huo ukiwemo.

Mtu wa Kisangani ana sababu ya kuisikiliza albamu hiyo kwa sikio lake mwenyewe. Ukishuka Mto Kongo mwendo mfupi kutoka mjini unafika Yakusu, katika nchi ya Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mto. Huko gogo la mti liitwalo lokole lilikuwa likisema maneno kamili, yenye majina ya watu, saa na mahali, muda mrefu kabla umeme haujafika. Swali lililowashangaza Waingereza mwaka 1981, chombo kinawezaje kuzungumza, wazee wa Walokele walikuwa na jibu lake.

Vyombo hivyo viwili, lokole na kifaa alichotumia Anderson kiitwacho vokoda, vinafuata kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo inayoendesha simu iliyo mfukoni mwako. Maneno hayakai katika sauti yenyewe. Yanakaa katika mabadiliko ya sauti, na mabadiliko hayo yanaweza kuhamishiwa kwenye kitu kingine. Ila uhamisho huo una gharama. Kitu fulani huachwa njiani, na mwenye ujumbe lazima akilipie mahali pengine.

Gogo lenye midomo miwili

John Carrington, Mwingereza wa misheni ya Kibaptisti, alifika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu. Siku moja alikata shauri la ghafla kwenda kijiji cha Yaongama bila kumtaarifu mtu. Alipofika aliwakuta mwalimu, msaidizi wa tiba na waumini wamekwisha kusanyika kumpokea. Lokole lilikuwa limemtangulia. Kuanzia hapo alijiingiza kuisoma lugha ya lokole, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kilichoieleza kwa ulimwengu, The Talking Drums of Africa.

Lokole halina ngozi. Ni gogo la mti mgumu lililochimbwa kwa ndani kupitia mwanya mwembamba, na kingo mbili za mwanya huo ndizo midomo yake. Fundi huchimba zaidi upande mmoja. Mdomo wenye ukuta mwembamba hulegea, hutetema polepole zaidi, na sauti yake huwa nzito. Mdomo wenye ukuta mnene hukaza, hutetema haraka, na sauti yake huwa juu. Mpigaji ana fimbo mbili na sauti mbili, basi.

Sauti mbili zinatosha kwa sababu Kikele, lugha ya Walokele, ni lugha ya toni. Kila silabi hutamkwa juu au chini, na kubadili toni ni kubadili maana. Katika Kiswahili ukipandisha au kushusha sauti unaweza kuonyesha hasira au swali, lakini neno linabaki lile lile. Katika Kikele sivyo. Maneno "alambaka boili" yakitamkwa kwa toni moja yana maana kwamba mtu aliutazama ukingo wa mto. Yakitamkwa kwa toni nyingine, mtu huyo alimchemsha mama mkwe wake. Mgeni anayejifunza lugha hiyo ana haki ya kuwa mwangalifu.

Mpigaji wa lokole huchukua toni peke yake. Konsonanti zote na irabu zote zinaanguka. Kinachobaki ni juu na chini. Hasara hiyo ni kubwa sana. Carrington alionyesha kwamba "koko", yaani kuku, "songe", yaani mwezi, "sango", yaani baba, na "fele", aina ya samaki, yote yana toni ile ile: juu, juu. Kwa lokole ni mapigo mawili yasiyotofautiana hata chembe. Mtu akisikia mapigo hayo kutoka ng'ambo ya mto, ajue baba amefariki au kuku amepotea?

Jawabu la Walokele lilikuwa kurefusha. Kuku halitajwi peke yake. Husemwa kuku, yule mdogo mwenye kulia kiokio. Mwezi huwa mwezi unaoitazama nchi huku chini. Kila jina lina mkia wake maalumu, na mkia huo hujifunzwa kama ulivyo, bila mtu kujitungia. Binadamu naye alikuwa na jina lake la lokole: mara nyingi jina lake, likifuatwa na la baba yake na kijiji cha mama yake. Mikia ikijumlishwa, ujumbe wa lokole ulikuwa mrefu karibu mara nane kuliko ule ule ukisemwa kwa mdomo.

Wazungu wa kwanza waliousikia ujumbe huo ukitafsiriwa walidhani ni mapambo, watu wanaopenda maneno mengi. Hesabu inasema vingine. Silabi mbili zenye toni mbili zinaweza kupangwa kwa njia 4 tu: juu-juu, juu-chini, chini-juu, chini-chini. Msamiati wote wa lugha hauwezi kutoshea humo. Silabi tano zina mipangilio 32. Silabi kumi zina 1,024. Kila silabi inayoongezwa huzidisha nafasi maradufu, na maneno yaliyokuwa yamebanana yanapata pa kuachana. Mkia wa kuku ndio unaomtenga na mwezi.

Mkia una kazi ya pili. Lokole lililosikika umbali wa kilomita sita au nane mchana halifiki kila pigo likiwa zima. Upepo hula baadhi, makelele ya kijiji hufunika mengine. Ujumbe ukiwa mrefu na wenye umbo linalojulikana, msikilizaji aliyekosa mapigo matatu katikati huyajaza mwenyewe. Ujumbe wa mbali ulipigwa vizuri zaidi jioni na alfajiri, na hilo nalo lina sababu yake. Nyakati hizo hewa iliyo karibu na maji na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake, na sauti inayopanda hupindwa na hewa ya joto ikarudi chini badala ya kupotelea angani. Kijiji kilichopokea kilipiga tena, kikakipa kijiji kilichofuata, na habari ikapanda mto haraka kuliko mtumbwi wowote.

Mhandisi wa simu na mzigo wa maneno

Upande wa pili wa dunia, katika maabara ya Bell nchini Marekani, mhandisi Homer Dudley alikuwa na shida ya kibiashara. Nyaya za simu za masafa marefu zilikuwa ghali, na kila mazungumzo yalikula nafasi kubwa ya waya. Kuanzia mwaka 1928 alitafuta njia ya kupunguza nafasi hiyo bila kupoteza maneno.

Alichogundua kinaeleweka ukiweka kidole kooni na kutamka "aaa", kisha "iii", kisha "uuu". Koo linatetema vile vile mara zote tatu. Kinachobadilika ni ulimi na midomo, ambavyo hubadili umbo la chumba cha mdomo, na chumba hicho hukuza baadhi ya mawimbi na kuyafifisha mengine. Koo hutetema mara mia na zaidi kwa sekunde. Ulimi na midomo ni vizito; haviwezi kubadili umbo ila mara chache kwa sekunde. Maneno yanatoka kwenye kiungo cha polepole, na sauti ya haraka ya koo inayabeba. Ni kama tolekiste, mchukuzi wa baiskeli, na mzigo wake: baiskeli ndiyo inayokwenda, lakini anayesubiri sokoni anataka gunia, na gunia likihamishiwa kwenye pirogi linabaki gunia lile lile.

Basi Dudley alilitenga gunia na baiskeli. Mashine yake, vokoda, iliipitisha sauti ya msemaji kwenye machujio kumi, kila moja likishika sehemu yake ya sauti kuanzia nzito hadi nyembamba. Katika kila chujio ilipima jambo moja: sasa hivi kuna nguvu kiasi gani hapa? Vipimo hivyo hupanda na kushuka polepole, kwa mwendo wa ulimi, kwa hiyo vilihitaji karibu sehemu moja tu ya kumi ya nafasi ya waya. Upande wa pili mashine nyingine ilitengeneza mlio wake yenyewe, ikaupitisha kwenye machujio kumi ya aina ile ile, na kufungua au kufunga kila moja kwa kufuata vipimo vilivyofika. Mlio ukageuka maneno. Sauti ya msemaji haikuwa imesafiri hata kidogo. Kilichosafiri ni maelezo ya namna alivyosogeza mdomo.

Ndugu wa mashine hiyo, Voder, iliyosemeshwa kwa vidole juu ya vibonyezo, ilionyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939. Vita vikafuata, na vokoda ikaingia jeshini. Mwaka 1943 ulizinduliwa mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY, wenye uzito wa tani zipatazo 50, wa kuunganisha Washington na London. Ulivunja sauti kuwa vipimo vya vokoda, ukavigeuza tarakimu, na kuvificha kwa tarakimu nyingine za bahati nasibu. Adui aliyenasa mawimbi alisikia mvumo mtupu. Wakubwa waliousemea walielewana, lakini mashine ilikuwa imekula utu wa sauti zao: maneno yalifika, msemaji akawa vigumu kumtambua.

Katika maabara hiyo hiyo Claude Shannon alichapisha, mwaka 1948, nadharia yake ya hisabati ya mawasiliano. Alithibitisha jambo ambalo linamhusu mpigaji wa lokole moja kwa moja: njia yoyote yenye kelele inaweza kupitisha ujumbe salama, mradi ujumbe uongezewe ziada ya kutosha na kwa utaratibu, na usisukumwe kwa kasi inayozidi uwezo wa njia hiyo. Alikadiria kwamba karibu nusu ya Kiingereza kinachoandikwa ni ziada ya aina hiyo, na ndiyo sababu neno lililokosa herufi mbili bado linasomeka. Mwaka mmoja baadaye kitabu cha Carrington kikatoka, kikiwa na mifano iliyokuwa imetumika ukingoni mwa Mto Kongo kwa vizazi. Shannon na Walokele hawakuwa na habari ya kila mmoja. Walifika mahali pamoja kwa sababu tatizo lilikuwa moja.

Msanii aliyechagua cha kupoteza

Wanamuziki waliikuta vokoda ikiwa imekwisha staafu vitani. Wendy Carlos aliitumia kwenye muziki wa filamu A Clockwork Orange mwaka 1971, na Kraftwerk wa Ujerumani wakaitia katika Autobahn mwaka 1974. Kwao ilikuwa njia ya kuimbisha kinanda. Msanii hunena kwenye maikrofoni na kushika akodi kwa vidole. Mdomo unatoa maneno, kinanda kinatoa sauti, na mtu mmoja husikika kama kwaya.

Laurie Anderson alifanya zaidi ya kupamba. "O Superman" ni wimbo wa mazungumzo ya simu. Kuna mashine ya kupokea ujumbe, kuna mama anayepiga, kuna sauti isiyojulikana ni ya nani ambayo maneno yake ya upole yanageuka taratibu kuwa tishio la dola. Alichukua kifaa kilichobuniwa kubana simu, kikatumika kuficha siri za vita, akakirudisha kwenye simu ya mtu na mama yake. Anayesikiliza anayapata maneno yote, barabara, na anakikosa kile ambacho kwa kawaida hutujulisha kama anayesema anatupenda. Upungufu wenyewe wa mashine ndio uliobeba maana ya wimbo.

Hapo yeye na mpigaji wa Yakusu wanaachana. Lokole lilitupa konsonanti na irabu, likabakiza toni, na likalipa kwa urefu. Vokoda inatupa koo la mtu, inabakiza umbo la konsonanti na irabu, na toni inapangwa upya na kinanda. Kimoja kinakumbuka kupanda na kushuka kwa sauti, kingine kinakumbuka mwendo wa ulimi. Ukimpa Mlokele vokoda yenye akodi isiyobadilika, mama mkwe na ukingo wa mto vitachanganyika tena, kwa sababu toni ya msemaji itakuwa imefutwa. Kwa Kiingereza hasara hiyo ni ya hisia zaidi. Kwa Kikele ni ya maana ya neno.

Kilicho mfukoni mwako

Sauti ya simu ya mezani ya kidijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na huchukua biti 64,000 kila sekunde. Simu za mkononi za GSM zilipoanza, sauti ilibanwa hadi biti 13,000. Kilichobana ni mjukuu wa wazo la Dudley. Mara 50 kila sekunde simu yako hukadiria umbo la mdomo wako na mtetemo wa koo lako, hutuma makadirio hayo, na simu ya mwenzako huijenga sauti upya. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hubanwa kwa ufundi wa ukoo huo huo, ingawa mpya na wenye nafasi zaidi. Unapomsikia dada yako akikupigia kutoka Kinshasa, unasikia sauti iliyoundwa ndani ya simu yako kwa kufuata maelezo.

Ndiyo maana muziki hupasuka kwenye simu ya kawaida. Ufundi wake unategemea kwamba kinachoingia ni mdomo wa mtu. Ukiipigia lokole au gitaa, hulazimisha mlio huo uvae umbo la koo, na unatoka umekwaruzika. Rezo, yaani mtandao, si lazima iwe mbovu.

Ndiyo maana pia tarakimu na majina huleta ugomvi. Simu ya kawaida hukata mawimbi ya juu kuanzia masafa ya takribani 3,400 kwa sekunde, na mvumo wa "s" uko zaidi ya hapo. Kinachobaki kinafanana na "f". Wanaotajiana bei kwa Kifaransa, kama ilivyo kawaida mjini Kisangani, wana mtego mwingine: "six" na "dix" vinaishia sawa, na tofauti yao yote imewekwa kwenye konsonanti moja ya mwanzo. Mtu anayekariri namba ya kutumia pesa kwa kupaza sauti zaidi anaongeza nguvu pale ambapo tatizo ni upungufu wa tofauti. Afanye kama lokole: aongeze mkia. Aseme sita, baada ya tano. Aseme S ya Salumu, F ya Feruzi. Ataje kiasi kwa tarakimu kisha kwa noti zenyewe. Mpokeaji akirudie chote kabla ya kutuma. Maneno hayo ya ziada yanagharimu inite chache za salio na kuokoa fedha nyingi.

Kazi iliyobaki Kisangani

Mji huu hauna upungufu wa wasanii wanaoelewa kucheza na hasara. Faustin Linyekula, mcheza dansi na mtunzi wa maonyesho, aliihamishia Kisangani kazi ya Studios Kabako aliyoianzisha Kinshasa mwaka 2001. Mwaka 2009, akiwa na mpiga gitaa Flamme Kapaya, alitoa onyesho more more more… future, lililogonganisha ndombolo na ukali wa punk. Nako Kinshasa, bendi ya Konono N°1 iliunganisha likembe na maikrofoni za kujitengenezea zenye sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo ambao fundi wa studio angeufuta ukawa sahihi yao, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ikawapeleka duniani.

Leo vokoda ni programu inayopatikana bure kwenye kompyuta yoyote. Kijana wa Makiso au Lubunga anaweza kuipata sauti ya mwaka 1982 kabla ya chakula cha mchana. Mikia ya lokole haipatikani hivyo. Carrington alikwisha kulalamika katika miaka ya 1950 kwamba vijana hawajifunzi tena, na mikia hiyo haiwezi kukisiwa kutokana na lugha ya kila siku, kwa kuwa ilikubaliwa na jamii na kukaririwa. Anayekwenda kumrekodi mzee akanasa mapigo peke yake atarudi na milio mizuri isiyosomeka. Anahitaji vitu vitatu pamoja: neno kama linavyosemwa, mkia wake kama unavyotamkwa kwa mdomo, na mapigo yenyewe juu ya gogo. Anase sauti kwa kinasa cha wazi kisichobana sana, na si kwa njia ya simu, kwa sababu simu itamtafutia lokole koo ambalo halina. Akiwa na vitatu hivyo, mwanamuziki ataweza kujenga chombo cha kielektroniki kinachosema Kikele sawasawa, na mwalimu wa fizikia atakuwa na somo zima la mawasiliano ambalo halihitaji kuanzia New York.